Utambuzi na Uthamini wa Alama za Viwanda katika Sarafu Ndogo za Zamani: Mfano wa Hela na Senti za Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kutambua na kuthamini sarafu ndogo za zamani kwa kutumia alama za viwanda vilivyozifua. Mifano yake inatokana na mazingira ya kihistoria ya wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ambako sarafu za enzi ya Wajerumani na za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki bado zimo katika makasha ya familia, katika mikufu na katika udongo wa mahame. Hoja kuu ni kwamba herufi moja ndogo, kama vile A, J, T, H, KN, I au SA, inaweza kubadili kabisa thamani ya sarafu sokoni na maana yake kama ushahidi wa kihistoria, na kwamba thamani hizi mbili hazilingani wakati wote. Makala inaeleza chimbuko la alama hizo, inapendekeza hatua saba za utambuzi, na inabainisha makosa na madai ya uongo yanayowapotosha wenye sarafu. Inahitimisha kwamba hasara kubwa zaidi haitokani na sarafu kuuzwa kwa bei ndogo, bali na sarafu kutengwa na maelezo ya mahali ilipopatikana.

Istilahi za msingi: alama ya kiwanda, hela, pesa, senti, rupia, ufuaji, uthamini, Handeni, Korogwe

1.0 Utangulizi

Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya fedha kuliko masanduku ya benki. Neno pesa lilifika pwani kutoka Bara Hindi pamoja na sarafu ya shaba iliyoitwa kwa jina hilo. Neno hela ni jina la sarafu ya Kijerumani, Heller, iliyoanza kutumika mwaka 1904. Neno rupia lilikuwa jina la sarafu ya fedha iliyotawala biashara ya Bahari ya Hindi. Sarafu yenye tundu ya senti kumi iliitwa peni katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na kutokana na jina hilo watu wakapata mapeni. Msemaji wa leo anayelalamika kwamba hana hela anataja, bila kukusudia, sarafu ya bronzi yenye uzito wa takriban gramu 4 ambayo haijatumika kwa muda wa karne moja.

Pamoja na urithi huo wa maneno, maarifa ya kuzisoma sarafu zenyewe hayajaenea. Mara nyingi sarafu inapotolewa kabatini maswali huwa mawili tu: ni ya mwaka gani, na inauzwa kiasi gani? Swali la tatu, yaani ilifuliwa wapi, huachwa. Kuachwa kwa swali hilo kunaleta madhara ya aina mbili. Kwanza, mwenye sarafu hushindwa kutenganisha ile adimu na ile ya kawaida, na hivyo huwa mawindo ya walanguzi na matapeli. Pili, mtafiti wa historia ya kazi, kodi na biashara hupoteza kipimo cha wakati ambacho mara nyingi ni sahihi kuliko kumbukumbu ya masimulizi.

Katika makala hii, alama ya kiwanda ni herufi au kifungu cha herufi kinachowekwa kwenye sarafu kuonyesha kiwanda kilichoifua. Muhuri ni kipande cha chuma kilichochongwa kinyume ambacho hugandamizwa juu ya kisahani cha metali ili kuacha picha na maandishi. Aina ndogo ni tofauti inayojitokeza baina ya sarafu za thamani moja na mwaka mmoja, ama kwa sababu ya alama ya kiwanda, ama kwa sababu mihuri miwili haikuchongwa sawasawa.

2.0 Usuli: njia za sarafu kuingia Handeni na Korogwe

Kabla ya utawala wa Wajerumani, bonde la Mto Pangani, ambao wakazi wengi huuita Ruvu, lilikuwa njia ya misafara kati ya pwani na bara. Mazinde, iliyoko katika eneo la Korogwe, ilikuwa makao ya Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, aliyejijengea nguvu kutokana na biashara hiyo. Upande wa Uzigua, njia zilizoelekea Pangani na Saadani zilipita katika nchi ambayo leo ni Handeni. Katika njia hizo nguo, shanga na pembe za ndovu vilibadilishwa kwa mali na kwa sarafu pia: reale za Maria Theresa, rupia za India, na pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye picha ya mizani na tarehe ya Hijria 1299.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mambo matatu. La kwanza ni kodi. Kodi ya kibanda, ambayo vijijini kwa kawaida ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, ilimlazimisha kila mwenye nyumba kutafuta sarafu, na sheria ya kodi ya mwaka 1905 ilisisitiza malipo ya fedha taslimu badala ya mazao. La pili ni reli. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. La tatu ni mashamba ya mkonge yaliyofuata reli hiyo, pamoja na mfumo wa kipande katika Milima ya Usambara uliomtaka mtu kutimiza siku 30 za kazi ya ujira ndani ya miezi minne. Malipo ya siku ya kazi yalihitaji sarafu ndogo, nayo hela ilikuwa chombo cha hesabu hiyo. Rupia 3 za kodi zilikuwa sawa na hela 300, ilhali kabla ya mwaka 1904 zilikuwa sawa na pesa 192, kwa kuwa rupia moja ilikuwa na pesa 64. Badiliko hilo la kihasibu lilimgusa kila mlipaji.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, eneo hilo liliingia katika utaratibu wa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwishoni mwa mwaka 1919. Florini ya mwaka 1920 ilidumu kwa muda mfupi, kisha ikafuatwa na shilingi yenye senti 100. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yaliendelea kuvuta manamba kutoka mikoa ya mbali, nao walikuja na kuondoka na sarafu. Utaratibu huo ulidumu mpaka Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi mwaka 1966 na kutoa sarafu za taifa.

3.0 Alama za viwanda na maana zake

3.1 Pesa za Kampuni: sarafu zisizo na herufi

Sarafu za kwanza za Kijerumani zilitolewa kwa jina la Kampuni ya Afrika Mashariki ya Ujerumani. Pesa ya shaba ina tai upande mmoja, na upande wa pili ina maandishi ya Kiarabu ndani ya shada. Ina tarehe mbili: 1890 na 1307, 1891 na 1308, au 1892 na 1309. Sarafu hizi zilifuliwa Berlin lakini hazina alama ya kiwanda. Funzo lake ni kwamba kukosekana kwa herufi si dalili ya bandia, wala si dalili ya uadimu. Ni utaratibu wa toleo lenyewe. Uwepo wa tarehe ya Hijria unarahisisha utambuzi: pale ambapo tarehe ya Kizungu imefutika, msomaji wa tarakimu za Kiarabu, ambaye katika jamii za Handeni na Korogwe hakosekani, anaweza kuusoma mwaka bila lenzi.

3.2 Herufi A na J katika hela

Kuanzia mwaka 1904 serikali ya kikoloni yenyewe ilitoa sarafu, na rupia ikagawanywa katika hela 100. Sarafu ndogo zilikuwa nusu hela, hela 1, hela 5 na hela 10. Maandishi yake ni DEUTSCH OSTAFRIKA, pamoja na taji la kifalme na mwaka. Alama ya kiwanda iko upande wa thamani, sehemu ya chini. Herufi A inamaanisha Berlin na herufi J inamaanisha Hamburg. Herufi hizi si vifupisho vya majina ya miji hiyo. Zilitokana na utaratibu wa Ujerumani wa kuvipa viwanda vyake vya sarafu herufi kwa mpangilio wa alfabeti.

Hela 1 ilifuliwa kila mwaka kuanzia 1904 hadi 1913.  Kuanzia 1904 hadi 1906 viwanda vyote viwili vilishiriki. Kuanzia 1907 hadi 1912 kazi ilikuwa ya Hamburg, na mwaka 1913 viwanda viwili vikashirikiana tena. Kwa hiyo hela ya 1908 yenye herufi A ni ya kutiliwa shaka mara moja: ama mwaka umesomwa vibaya, ama herufi imechakaa, ama sarafu imeguswa na mkono wa mghushi. Huu ndio msaada wa kwanza wa alama ya kiwanda: inauthibitisha au kuukanusha mwaka.

Nusu hela ilifuliwa kwa muda mfupi zaidi, 1904 hadi 1906. Ile ya 1905 inapatikana kwa herufi zote mbili na si adimu. Ile ya 1906 yenye herufi J ilifuliwa kwa idadi ndogo mno, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa vipande vinavyotafutwa sana katika kundi zima. Hapa herufi na mwaka hufanya kazi pamoja, kwani J peke yake haina uzito, wala 1906 peke yake haina uzito.

Hela 5 ya bronzi ya mwaka 1908 na 1909, yenye herufi J, ina kipenyo cha takriban milimita 37 na uzito wa takriban gramu 20. Ukubwa huo unavutia macho, na mara nyingi watu hudhani ndiyo yenye thamani kuliko zote. Baadaye ilibadilishwa kwa sarafu ndogo ya shaba na nikeli yenye tundu katikati, ya mwaka 1913 (A na J) na 1914 (J). Hela 10 ilikuwa na tundu tangu mwanzo, mwaka 1908.

3.3 Herufi T: sarafu za vita

Vita vilipoanza mwaka 1914 na Uingereza kuifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Noti za dharura zilichapishwa ndani ya koloni, lakini watu wengi walipendelea metali. Mwaka 1916 serikali ilianza kufua sarafu katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora. Zilitoka hela 5 za shaba ya njano, hela 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya ndovu mbele ya mlima. Zote zina herufi T. Katika hela 5 na hela 20, nafasi ya jina kamili la koloni ilichukuliwa na herufi D.O.A.

Hela 20 za Tabora ndizo zinazofundisha vizuri zaidi maana ya aina ndogo, kwa sababu mihuri yake ilichongwa katika mazingira ya vita na haikulingana. Upande wa taji una aina mbili: taji kubwa na taji dogo. Upande wa thamani una aina tatu, zinazotofautishwa kwa ncha za herufi L katika neno HELLER: zote mbili zimechongoka, zote mbili zimejikunja, au ile ya pili tu ndiyo iliyojikunja. Kwa hesabu, aina mbili za taji zikichanganywa na aina tatu za thamani huzaa michanganyiko sita, na kila mchanganyiko unaweza kutafutwa katika metali mbili. Michanganyiko hiyo haikutoka kwa idadi sawa. Vivyo hivyo, hela 5 za Tabora hutofautiana kwa kitako cha taji: kuna kilicho bapa na kuna kilichopinda mfano wa yai.

3.4 Herufi H, KN, I na SA katika senti

Senti za Afrika Mashariki zilifuliwa London bila alama, au katika viwanda vingine vilivyoweka alama. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni King's Norton, katika eneo hilohilo la Birmingham. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ufuaji uligawanywa katika sehemu nyingine za dola ya Uingereza: I ni Bombay na SA ni Pretoria, Afrika Kusini. Katika senti 1, 5 na 10 zenye tundu, mtafutaji huanzia upande wenye pembe mbili za ndovu zinazolizunguka tundu.

Senti 5 na 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane zinastahili maelezo ya pekee. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936, kabla ya kutawazwa, na sarafu chache duniani zina jina lake. Kwa kuwa sarafu zenye tundu hazikuhitaji picha ya uso wake, zile za Afrika Mashariki zilitolewa kwa wingi kabla hajajiuzulu: za London zisizo na alama, za H na za KN. Habari kwamba ni sarafu za mfalme asiyetawazwa ni ya kweli. Hitimisho kwamba kwa hiyo ni adimu si la kweli. Uadimu wa mfalme haukuwa uadimu wa sarafu.

Jedwali la 1: Muhtasari wa alama za viwanda

| Alama | Kiwanda | Sarafu husika | Kipindi |
|---|---|---|---|
| Hakuna | Berlin | Pesa za Kampuni | 1890–1892 |
| A | Berlin | Hela na rupia | 1904–1913 |
| J | Hamburg | Hela na rupia | 1904–1914 |
| T | Tabora | Hela 5, hela 20, rupia 15 | 1916 |
| Hakuna | London | Senti na shilingi | Vipindi mbalimbali |
| H | Heaton, Birmingham | Senti na shilingi | Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hadi 1964 |
| KN | King's Norton, Birmingham | Senti | Miaka ya 1920 hadi ya 1950 |
| I | Bombay | Senti na shilingi | Vita Kuu ya Pili |
| SA | Pretoria | Senti na shilingi | Vita Kuu ya Pili na mara baada yake |

4.0 Hatua za utambuzi

Utambuzi wa alama hauhitaji maabara. Unahitaji mpangilio, subira na vifaa vichache: lenzi ya mkononi au kamera ya simu, mizani ya sonara, rula na sumaku.

Hatua ya kwanza ni kuandika kabla ya kugusa. Mahali sarafu ilipopatikana, aliyeitunza, chombo ilimokuwa na vitu ilivyokuwa navyo vyote huandikwa siku hiyohiyo.

Hatua ya pili ni kuzuia usafishaji. Limau, ukwaju, majivu, mchanga na steelwire huondoa gamba la rangi ambalo bronzi imelijenga kwa miaka mingi, na pamoja nalo huondoa kingo za herufi. Sarafu iliyong'arishwa hupungua bei na pia husomeka kwa shida zaidi. Udongo mwepesi huondolewa kwa maji safi, kisha sarafu hukaushwa kwa kitambaa laini bila kusuguliwa. Unga wa kijani kibichi unaochipuka upya kila mara ni dalili ya ulikaji unaoendelea. Sarafu ya aina hiyo hutengwa na nyingine na kuwekwa mahali pakavu.

Hatua ya tatu ni kubaini mfumo wa fedha kabla ya kutafuta herufi. Tai na maandishi ya Kiarabu ni pesa, taji na DEUTSCH OSTAFRIKA ni hela, D.O.A. ni Tabora, EAST AFRICA na pembe za ndovu ni senti. Hatua hii huondoa makosa mengi, kwani J iliyochakaa hufanana na I, na H iliyopoteza miguu hufanana na A. Ikiwa mfumo umejulikana kuwa wa hela, I na H haziwezekani.

Hatua ya nne ni kuusoma mwaka, na hatua ya tano ni kuitafuta alama mahali pake kwa mwanga wa pembeni. Sarafu hulazwa mezani chumbani penye kiza kidogo, na tochi huelekezwa kutoka ubavuni ili herufi zitupe kivuli. Herufi isiyoonekana kwa mwanga wa juu mara nyingi hujitokeza kwa njia hii. Mwaka na alama hulinganishwa na utaratibu wa ufuaji uliotajwa katika sehemu ya tatu.

Hatua ya sita ni kupima. Hela 1 hukaribia gramu 4, na rupia ya fedha ina gramu 11.66. Shaba, bronzi, fedha na mchanganyiko wa shaba na nikeli uliotumika havivutwi na sumaku. Sarafu ya aina hizi inayonaswa na sumaku ni bandia. Vilevile, bandia ya kumiminwa katika kalibu huwa na vishimo vidogo usoni na mstari wa kiungo ukingoni, dalili ambazo sarafu iliyogandamizwa kwa muhuri haina.

Hatua ya saba ni kutofautisha kazi ya kiwanda na kazi ya mtumiaji. Tundu la kiwandani liko katikati kabisa na lina ukingo ulioinuka. Tundu lililotobolewa karibu na taji kwa msumari au keekee lina kingo zilizosukumwa upande mmoja. La pili linaonyesha kwamba sarafu ilivaliwa shingoni au mkononi. Linapunguza bei, lakini linaongeza habari.

5.0 Uthamini

5.1 Thamani ya soko

Bei ya sarafu ya zamani hutegemea mambo manne: idadi iliyofuliwa na iliyosalia, hali yake, mahitaji ya wakusanyaji, na metali yake. Umri peke yake si kigezo cha kutosha. Hela ya mwaka 1907 yenye herufi J ina zaidi ya karne, lakini ilifuliwa kwa mamilioni, na iliyochakaa hununuliwa kwa bei ndogo popote. Kopo lenye hela mia moja za kawaida lina uzito wa takriban gramu 400 za bronzi, na kama metali tupu halifiki mbali. Nusu hela moja ya 1906 J, iliyo nyepesi kuliko zote, inaweza kulishinda kopo hilo.

Kwa rupia ya fedha kuna sakafu ya bei inayoweza kukokotolewa. Gramu 11.66 zenye usafi wa 0.917 hutoa takriban gramu 10.7 za fedha halisi. Mwenye rupia anayezidisha kiasi hicho kwa bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo ana kipimo cha chini anachopaswa kukifahamu kabla ya kuketi na mnunuzi. Kinachozidi hapo hutokana na mwaka, alama na hali. Kipimo hicho ni kinga kwa pande zote mbili: humzuia mlanguzi asinunue kwa bei ya chumvi, na humzuia mwenye mali asingojee bei isiyokuwepo.

Kuhusu hali, vigezo vya msingi ni ukali wa maandishi, ukamilifu wa vito vya taji na majani ya shada, na usawa wa ukingo. Hali ina uzito mkubwa kiasi kwamba sarafu ya kawaida isiyochakaa inaweza kuwa na bei kubwa kuliko sarafu adimu iliyokwanguliwa.

5.2 Thamani ya ushahidi

Chukulia kwamba mkebe umefukuliwa kwenye hame la shamba la mkonge karibu na Korogwe, ukiwa na hela za miaka 1905 hadi 1913, baadhi A na nyingine J, bila senti hata moja. Sarafu ya mwisho inaonyesha kwamba mkebe haukufungwa kabla ya 1913. Kukosekana kwa senti kunaelekeza kwenye kipindi cha kabla ya mfumo wa shilingi kushika mizizi mapema miaka ya 1920. Hilo la pili ni dokezo, si ithibati, kwa kuwa mwenye mkebe angeweza kuchagua alichokificha, na hela hazikutoweka mikononi mwa watu kwa siku moja.

Chukulia sasa kwamba ndani yake zimo hela 20 zenye herufi T. Hapo swali hubadilika. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kwa kufuata reli na Mto Pangani, na katika Juni 1916 Korogwe na Handeni ziliangukia mikononi mwao. Tabora, ambako T zilifuliwa, iliendelea kushikiliwa na Wajerumani hadi Septemba 1916. Nafasi ya sarafu hizo kufika Handeni moja kwa moja kwa njia ya mishahara na kodi za Kijerumani ilikuwa finyu. Maelezo yenye mantiki zaidi ni kwamba zilikuja baadaye, mikononi mwa askari au wapagazi waliorejea kutoka vitani, au mikononi mwa manamba waliotoka bara kwenda mashambani. Kwa namna hiyo herufi moja inaweza kumwonyesha mtafiti safari ya mtu ambaye jina lake halimo katika daftari lolote.

Hoja hii husimama pale tu ambapo mkebe umebaki pamoja na kumbukumbu yake. Hela 20 ya T iliyouzwa peke yake bado ni hela 20 ya T. Bei yake haipungui hata senti, ila haiwezi tena kueleza lolote kuhusu Korogwe.

5.3 Madai ya uongo na athari zake

Katika maeneo mengi ya Tanzania kuna masimulizi ya mali ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya majengo ya zamani, na ya rupia zenye nguvu ya kuvuta punje za mchele ambazo bei yake husemwa kuwa mamilioni. Masimulizi hayo yana mizizi katika jambo la kweli, kwa sababu Wajerumani walifua dhahabu Tabora wakati wa vita. Lakini yanapotumiwa na matapeli huwa mtego: mwenye sarafu huombwa gharama za vipimo, usafiri au dawa kabla ya mnunuzi asiyeonekana kufika. Maarifa ya metali yanatosha kuyajibu. Fedha haina mvuto wa sumaku, na hakuna alama ya kiwanda, iwe A, J au T, inayoipa sarafu nguvu hiyo. Rupia inayovuta haipandi bei kwa kuvuta. Imejitangaza kuwa bandia.

Athari nyingine huangukia mahame na makaburi yanayofukuliwa kwa tamaa ya mali. Uchimbaji wa mahali pa kale unahitaji kibali cha mamlaka ya mambo ya kale, na sarafu iliyotolewa ardhini kwa jembe la usiku hupoteza ule ushahidi uliofafanuliwa hapo juu.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba alama ya kiwanda si pambo la mkusanyaji. Katika hela, A na J husahihisha usomaji wa mwaka na kutenga adimu na ya kawaida. Katika sarafu za Tabora, T na tofauti za mihuri huonyesha ufuaji wa dharura. Katika senti, H, KN, I na SA huonyesha namna dola ya Uingereza ilivyogawa kazi ya ufuaji wakati wa amani na wakati wa vita. Imeonyesha pia kwamba bei na ushahidi ni mizani miwili: tundu la mkufu hushusha mmoja na kupandisha mwingine.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, walimu wa historia katika shule za Handeni na Korogwe waweza kutumia sarafu zilizoko majumbani kama zana za kufundishia, kwa kuziorodhesha na kuzipiga picha bila kuzichukua kutoka kwa wenyewe. Pili, orodha hizo zihifadhi kijiji, chombo na masimulizi ya familia pamoja na mwaka na herufi, na vipande vinavyotatiza vipelekwe kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa. Tatu, watafiti wanaokusanya masimulizi ya mashamba ya mkonge waulize pia kuhusu sarafu, kwa kuwa mzee asiyekumbuka mwaka alioanza kazi anaweza kukumbuka vizuri kama mzazi wake alilipwa kwa hela au kwa senti, na kama sarafu ile ilikuwa na tundu.